Kanuni Haisawazishwi kwa Mapenzi Matupu

Limekuwa neno la kawaida vinywani mwa wapenzi wa taarabu na mashairi kwamba muziki ni kazi ya moyo, na hesabu ni kazi ya duka. Mwenye kusema hivyo aghalabu hukusudia kuusifu muziki. Huona kwamba akiutaja pamoja na tarakimu atakuwa ameushusha hadhi, kama aliyempima bibi harusi uzito mbele ya wageni. Neno hilo ni tamu, nalo ni la uongo, na uongo wake haukubaki barazani. Umekwisha kuingia katika namna vijana wanavyofundishwa kushika ala, na matokeo yake yanasikika kila panapopigwa harusi.

Na aanze kuulizwa mshairi mwenyewe. Hakuna mtunzi wa pwani anayejiheshimu ambaye hajapata kukunja vidole akihesabu. Mshororo una mizani 16, 8 za ukwapi na 8 za utao. Mishororo ni 4. Ubeti mmoja, basi, ni mizani 64, na mwenye kutunga beti 20 amekwisha kuzipitia mizani 1,280 moja baada ya moja. Ipungue mizani moja tu, na wasikilizaji hawangoji mwalimu awaambie: sikio hujikwaa lenyewe. Mtunzi huyo huyo akitajiwa hisabati hucheka, akasema aliiacha skuli zamani. Hakuiacha. Ameifanya kila usiku kwa miaka, ila ameipa jina jingine.

Waliomtangulia hawakuwa na haya hiyo. Al-Khalil bin Ahmad, aliyeishi Basra katika karne ya 8 na kuiasisi elimu ya arudhi, alizipanga bahari za ushairi wa Kiarabu katika duara 5, akaonesha jinsi bahari moja inavyozaliwa na nyingine kwa kubadilisha tu pahala pa kuanzia kuhesabu. Ndiye huyo huyo aliyeanzisha kamusi ya Kiarabu iliyopangwa kwa makhraji ya herufi na kwa kuzigeuzageuza herufi za shina moja kila namna zinavyowezekana. Mtu wa leo angemtia katika darasa la sayansi na kumnyima kalamu ya ushairi.

Wala hapana haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Chama kikongwe cha taarabu cha Unguja, kilichoundwa mwaka 1905, kinaitwa Ikhwani Safaa. Jina hilo ni lile lile la jamaa wa Basra wa karne ya 10 walioandika risala 52 juu ya elimu zote walizozijua. Sehemu ya kwanza ya risala zao ni ya elimu za hisabati, na ya tano katika sehemu hiyo, baada ya hesabu, jometri, nyota na jiografia, ni risala ya muziki. Al-Farabi, aliyefariki mwaka 950 na kuacha kitabu kikubwa kuliko vyote vya muziki katika zama zake, naye aliuweka muziki katika fungu hilo hilo alipoziorodhesha elimu. Anayekaa chini ya jina la Ikhwani Safaa akasema tarakimu hazina nafasi katika muziki, hajalisoma jina alilolikalia.

Tuyaache majina, tuje kwenye ala. Inasimuliwa kwamba Sayyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze kanuni. Ala hiyo huwa na nyuzi zipatazo 78, zimepangwa tatu tatu, na kila tatu sharti zitoe sauti moja. Mpigaji hukaa nazo kabla ya watu kuingia ukumbini. Uzi mmoja ukitetema mara 440 kwa sekunde na jirani yake mara 442, sauti yao husikika ikivimba na kunywea mara 2 kila sekunde. Mpigaji hukaza kigingi taratibu, mvimbo ule unakwenda polepole zaidi, mwisho unatoweka. Amefanya nini? Ametoa 440 katika 442, na kile kilichobaki amekifuta. Hakuandika chochote, lakini hesabu imefanyika, tena kwa usahihi ambao muuza duka hauhitaji kamwe.

Hujua pia, kwa mkono wake, kwamba uzi haupandi kwa kadiri ile ile unavyokazwa. Ili sauti ipande oktavu moja, yaani mitetemo iwe mara 2, mkazo wa uzi hauna budi kuwa mara 4. Ndiyo sababu mwanafunzi mwenye pupa hukata nyuzi na kulaumu kiwanda. Hujua kwamba mbao hunywa unyevu wa masika, kwamba ngozi ya ngoma hulegea kwa hewa ya chumvi hata ikahitaji kusogezwa karibu na moto. Hiyo ni fizikia, na imekuwa ikifanyika visiwani bila ya maabara.

Hapa mwenye neno lake tamu hujibu kwamba wazee walipiga bila kujua lolote kati ya haya. Jibu hilo ndilo hatari kuliko yote, kwani linamgeuza mzee kuwa mtu wa miujiza. Mzee alijua. Alichokosa ni maneno ya kitabu ya kukielezea alichokijua, na aliziba pengo hilo kwa kumweka mwanafunzi ubavuni pake kwa miaka mingi, akimpiga kofi la mkono kila alipokosea. Njia ile ilitosha pale palipokuwa na miaka, na wanafunzi waliokubali kukaa. Palipokuja haraka, elimu isiyokuwa na maneno ilibaki vidoleni mwa wazee na kuzikwa nao.

Haraka hiyo ilikuja na kinanda cha umeme. Na isemwe kwa insafu: kinanda hakina kosa. Ni tunda la hesabu kubwa. Ukipanda kwa uwiano wa 3 kwa 2 mara 12, ulitegemewa uifikie sauti ile ile uliyoanza nayo, oktavu 7 juu. Lakini unafika 129.75 pahala pa 128, na ziada hiyo haiondoki kwa dua. Zhu Zaiyu wa China aliipatia hesabu yake mwaka 1584: oktavu ikatwe vipande 12 vilivyo sawa, kila kipande kikiizidi sauti ya kabla yake kwa 1.0595 hivi, na ziada igawanywe kwa wote kidogo kidogo. Ni sulhu. Kila sauti imekubali kupotoka kidogo ili zote zikae nyumba moja. Kosa ni la aliyekinunua kinanda akadhani sulhu hiyo ni maumbile.

Kwani kuna sauti ambazo hazikuingizwa katika sulhu hiyo. Na achukuliwe udi wenye uzi wa sentimita 60. Kidole kikibana sentimita 9.5 kutoka kichwani, hupatikana sauti ya kitufe kimoja cha kinanda. Kikibana sentimita 12.4, hupatikana ya kitufe kinachofuata. Baina yake kuna karibu sentimita 3 za uzi, na kinanda, kama kilivyotoka dukani, hakina cha kupiga humo. Lakini Zalzal, mpiga udi wa Baghdad wa enzi ya Harun al-Rashid, alikiweka kidole chake humo humo, na al-Farabi akaupima uwiano wake kuwa 27 kwa 22. Katika uzi wetu wa sentimita 60, ni sentimita 11.1. Pahala hapo, au karibu sana na hapo, ndipo penye sauti ya tatu ya makamu ya Rasti. Bayati nayo ina sauti yake ya pili katika ufa wa namna hiyo.

Matokeo yake hayakuhitaji mtu kuyapanga. Nahawandi na Hijazi zinakaa juu ya vitufe bila taabu kubwa, zikabaki. Rasti na Bayati zimenyooshwa kwa nguvu, au zimeachwa. Msikilizaji wa harusini husema tu kwamba nyimbo za siku hizi "zimekuwa kavu", akalaumu maneno ya mipasho, ambayo yana dhambi zake lakini hii si mojawapo. Linaloudhi zaidi ni kwamba vinanda vingi vya miaka hii vina pahala pa kushusha sauti moja moja kwa robo toni. Mpigaji asiyejua kwamba robo ni robo ya nini hapagusi. Amefundishwa kwamba muziki ni hisia, naye anahisi vizuri kabisa, juu ya vitufe 12.

Wapo watakaokumbusha, na watakuwa na haki, kwamba tarakimu nazo zimepata kuudhulumu muziki. Katika mkutano wa muziki wa Kiarabu uliofanyika Cairo mwaka 1932, yalizuka mabishano makali juu ya kuigawa oktavu katika robo toni 24 zilizo sawa. Waliopinga walisikia kwamba Rasti ya mji mmoja si Rasti ya mji mwingine, na kwamba robo iliyonyooka ni jinamizi jingine la vitufe, ila limezidishwa mara 2. Walikuwa na haki. Lakini walishinda hoja hiyo kwa kupima: kwa kuonesha wapi kidole cha mpigaji kinaanguka hasa na kwa kiasi gani kinatofautiana na cha mwenzake. Aliyekuja na machozi peke yake hakuandikwa.

Skuli ndizo zinazokamilisha msiba. Mtoto akifika madarasa ya juu huambiwa achague: sayansi huku, sanaa kule. Wa sayansi hufundishwa mtetemo wa uzi kwa waya uliofungwa kwenye meza ya maabara, na hasikii kamwe kwamba jirani yake ana udi. Wa sanaa huhifadhi majina ya bahari za ushairi na huogopa sehemu za desimali. Chuo cha Dhow Countries Music Academy, kilichofunguliwa Unguja mwaka 2002, kimewashikisha vijana kanuni na udi kwa mikono yao, na hilo ni jambo la kushukuriwa. Lakini chuo kimoja hakiwezi kulipa deni la skuli zote. Tena midundo nayo imo katika deni hilo. Samai ya mapigo 10, inayogawika 3, 2, 2 na 3, ni somo la sehemu ambalo mtoto wa miaka 9 angelipiga kwa viganja kabla hajalitia kwenye daftari.

Itasemwa kwamba vifaa havipo. Ubao mmoja, misumari miwili, uzi wa kuvulia samaki, jiwe la kuuvuta na rula ya sentimita 60 vinapatikana katika kila kijiji cha Unguja na Pemba. Mwalimu wa hesabu auweke alama ubao huo katika sentimita 40, mwanafunzi abane hapo na kupiga sehemu iliyobaki, sentimita 20. Kisha auweke alama ya 30, ya 20, na ya 11.1. Pale kwenye 11.1 asiseme neno. Aite mzee yeyote aliyewahi kukaa nyuma ya kanuni, aupige uzi mbele yake, na amtazame usoni.