Simu Imeshika Mtandao, Je, Mita?

Mita za gesi na za maji za kulipa mdogo mdogo siku hizi huja na laini ndani. Unalipa kwa simu, mita inapokea ujumbe, gesi inafunguka. Ujumbe usipofika, pesa imeenda na sufuria bado ni baridi.

Wengi wetu huangalia mistari ya mtandao kwenye simu na kusema, "Hapa iko sawa." Kwa maoni yetu, hiyo haitoshi. Baadhi ya mita hizi hutumia NB-IoT, mtandao mwembamba wa vifaa vidogo uliowekewa viwango mwaka 2016 ili betri idumu miaka na mawimbi yapenye ndani ya majengo. Mnara unaweza kukupa 4G safi na bado usiwe umewashiwa NB-IoT.

Hapa Njoro, ukipanda kuelekea Mau Narok, nyumba mbili jirani zinaweza kupata mawimbi tofauti. Na ramani ya mtandao haijui kama mita yako itakaa nje au chini ya sinki, nyuma ya ukuta wa mawe.

Kwa hivyo, kabla ya kutoa malipo ya kwanza, mwambie fundi alete mita yenyewe, laini ikiwa ndani, aiweke pale pale itakapofungwa. Atume ujumbe wa majaribio, nawe uone mita ikijibu. Mpe muda kidogo, maana vifaa hivi hulala ili kubana betri.

Anayeuza ndiye athibitishe. Akikataa kupima, pesa yako ibaki kwa simu.