Udhuru ni Wake, Mlango ni Wetu



Mwanza ni mji wa mawe. Kuanzia mwambao wa ziwa hadi huku Buswelu, nyumba nyingi zimejengwa penye miinuko, na ngazi ni jambo la kawaida, hata msikitini. Kwa mwenye miguu mizima, ngazi tano si kitu. Kwa atumiaye kiti mwendo, ngazi moja ni ukuta.

Anapokosekana katika swala ya jamaa, sisi husema: "Yule ana udhuru, Allah (SW) amemsamehe." Maneno hayo ni ya kweli, ila tunayatumia pasipo pake. Udhuru ni rehema aliyopewa yeye ili asitaabike. Haikupewa kamati ya msikiti ili isijenge.

Imepokewa na Imamu Muslim kwamba kipofu mmoja alimwendea Mtume (SAW) kuomba ruhusa ya kuswali nyumbani, kwa kuwa hakuwa na wa kumwongoza njia. Mtume alimruhusu, kisha akamwita tena na kumuuliza kama huisikia adhana. Alipokiri, akamtaka aiitikie. Katika mapokezi ya Abu Daud, kipofu huyo ametajwa kuwa ni Ibn Umm Maktum (RA), yule ambaye Surat Abasa ilishuka kwa ajili yake. Huyo ndiye aliyeadhini Madina pamoja na Bilal (RA), na Mtume alipata kumwachia mji huo alipokuwa safarini. Hakuhurumiwa tu, alipewa kazi.

Kazi yetu sisi si kubwa. Njia ya mteremko kando ya ngazi. Koki moja ya kutawadhia iliyo chini, yenye kiti. Kitambaa na maji mlangoni, kwa anayehofia najisi ya magurudumu. Mkalimani wa lugha ya alama siku ya Ijumaa, au walau khutba iliyoandikwa kwa muhtasari. Safu zinapofurika hadi uani, mwenye ualbino atengewe nafasi kivulini, kwani jua la adhuhuri humwunguza ngozi. Na asiyeona apitiwe na jirani yake alfajiri.

Kanda hii ya Ziwa isilione hili kuwa dogo. Tuliona katika miaka ya 2007 na 2008 jinsi watu wenye ualbino walivyouawa kwa sababu ya ushirikina. Aliyezoea kusimama bega kwa bega na mtu katika safu, hawezi kushawishiwa kwa urahisi kwamba huyo si mtu kama yeye.

Nawe mzazi uliyemficha mtoto ndani kwa kuona haya, mpeleke madrasa pamoja na ndugu zake. Akishindwa kupanda, tutajua tulichopaswa kujenga.

Allah (SW) atuwafikishe. Amin.