Mbuzi Aliyesalia Jikoni



Ziko nyumba nyingi katika mwambao wetu ambazo daktari amekwisha kuingia jikoni bila ya kupiga hodi. Huyu ana shinikizo la damu, yule ana sukari, na wa tatu ameambiwa mafuta yamezidi katika damu yake. Nyumba yetu ni mojawapo. Babu aliporudi kutoka kliniki na karatasi ya makatazo, binti yetu anayesoma chuo kikuu alitoa shauri kwamba tule mimea tupu kwa siku 30. Tulikubali nyumba nzima, kwani hatukuridhika mzee ale peke yake pembeni ilhali sisi tumelizunguka sinia.

Mwenendo huu, ambao wafuasi wake huuita uvegani, si sawa na kuacha nyama tu. Jina lake lilizaliwa Uingereza mwaka 1944, Donald Watson na wenzake walipoanzisha Vegan Society, na sharti lake ni zito: hakuna nyama, samaki, yai, maziwa, samli wala asali. Binti alipokuwa akiisoma orodha hiyo, Babu alisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha akauliza iwapo maji yameruhusiwa.

Siku za kwanza zilikuwa nyepesi kuliko tulivyotarajia. Asubuhi mahamri yaliyokandwa kwa tui na iliki, mbaazi za nazi na chai ya rangi. Adhuhuri wali wa nazi kwa mchicha na maharagwe. Usiku muhogo wa nazi na achari pembeni. Hiki ni chakula cha mabibi zetu, nao hawakupata kusikia habari za Watson. Kazi iliyoongezeka ni ya kukuna nazi, hata kijana mmoja akasema kwamba mbuzi pekee aliyesalia jikoni ni yule wa kukalia, naye anachosha kuliko wa kuchinja.

Siku ya nne upepo uligeuka. Harufu ya changu wa kukaanga ilipenya dirishani kutoka kwa jirani, na Babu akatangaza kwamba samaki si nyama. Binti akamkumbusha kuwa Qur'ani, katika Surat An-Nahl, yakiita kitoweo cha bahari nyama. Babu hakutikisika. Katika madhehebu yetu ya Imam Shafi, alisema, aliyeapa kutokula nyama kisha akala samaki hakuvunja kiapo chake. Hoja hiyo ni sahihi katika fikihi, na mjukuu hakuwa na jawabu ila moja: "Babu, waliotunga sharti hili si mafakihi." Changu hakuletwa, lakini mbaazi za usiku ule zililiwa kimya.

Majirani nao walikuwa na yao. Shangazi alikuja kutujulia hali, akafunua chungu, akauliza kwa sauti ya chini kama tunadaiwa na mwenye bucha. Alipoelezwa, alipumua, akasema, "Basi nitawaletea kuku," kana kwamba kuku huota shambani. Juma la pili likaletwa bakuli la biriani lililofunikwa kwa kawa. Bakuli la jirani halikataliwi wala halirudishwi tupu. Tulilipokea kwa mikono miwili, fundi aliyekuwa akitengeneza paa letu akapata chakula chake cha mchana, na bakuli likarejea na vibibi vya nazi.

Ajabu ni kwamba juma hilo hilo vijana wa nyumba waligundua kuwa viazi karai, bhajia, chipsi na sukari ya kaimati vyote ni mimea. Kanuni ilifuatwa kikamilifu na mikanda ya suruali ikaanza kulia. Hapa ndipo lilipo somo kubwa la mwezi wetu: mmea si dawa kwa kuwa ni mmea tu. Tui zito lina mafuta mengi, na achari imejaa chumvi, ambayo ni adui wa mwenye shinikizo la damu. Tukahamia tui la pili, mboga zikachemshwa badala ya kukaangwa, na ndimu ikachukua nafasi ya achari.

Ndimu ina faida nyingine. Madini ya chuma yaliyomo katika kunde na mchicha huingia mwilini vyema yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C, na chai inayonywewa papo hapo na chakula huyazuia. Iko pia vitamini B12, ambayo mimea haitupi kwa kiasi cha kutegemewa. Mwezi mmoja hauna madhara kwa aliye na afya, kwani mwili huweka akiba yake katika ini. Lakini anayekusudia kuendelea kwa miaka hana budi kutumia vidonge au vyakula vilivyotiwa vitamini hiyo. Mja mzito, anayenyonyesha na mtoto mdogo wasibadilishiwe chakula kabla ya daktari kuulizwa, na mgonjwa asiache dawa zake kwa sababu ya mchicha.

Upo upande wa dini pia. Sura hiyo hiyo ya An-Nahl yataja wanyama wa kufuga, maziwa na asali kuwa ni neema, kama inavyotaja mizaituni, mitende na mizabibu. Mtu ana ruhusa ya kujizuia na alichohalalishiwa kwa ajili ya afya yake. Hana ruhusa ya kukiita haramu. Wakati huo huo, imepokewa katika Muwatta ya Imam Malik kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliwaonya watu na mazoea ya nyama, akayafananisha na mazoea ya kileo. Kati ya mipaka hiyo miwili kuna nafasi pana.

Babu alipopimwa tena, shinikizo lilikuwa limeshuka kidogo, na daktari alisifu kupungua kwa chumvi zaidi ya kukosekana kwa kuku. Sasa kwetu nyama ni ya Ijumaa na ya wageni, samaki ni siku mbili, na siku zilizobaki ni za mbaazi, pojo, kunde na majani. Tunawanasihi wasomaji wenye mgonjwa nyumbani waanze hata na siku mbili kwa juma, na waanze wote pamoja. Mgonjwa huvumilia kukosa nyama. Kukosa wa kula naye ndiko kunakomwumiza.