Korido imechafuka: wa kulaumiwa ni watoto au rangi?

Wiki hii tunaingia koridoni. Ndiyo, korido ile ile ya nyumba ya kupanga, vyumba vitatu kushoto, vitatu kulia, choo na jiko viko uani, na kila mtu lazima apite humo na ndoo yake, baiskeli yake, mtungi wake wa gesi na mtoto mgongoni. Kama umekulia Magomeni, Temeke au Ilala huhitaji kuchorewa.

Ugomvi wake unajulikana. Mwenye nyumba kapaka rangi mwezi wa kwanza, krimu safi, wapangaji wote meno nje. Mwezi wa nne ukuta umejaa viganja, mistari ya usukani wa baiskeli na doa jeusi pale jamaa wa chumba cha mbele anapoegemea akiongea na simu. "Watoto wa chumba cha pili hao!" Mama wa chumba cha pili naye si wa kunyamaza. Basi maneno yanaanza, watu hawasalimiani, na mwisho mwenye nyumba anatangaza kwamba kodi inapanda ili apake upya. Wewe kijana wa chumba kimoja, mtoto huna, baiskeli huna, lakini mfukoni unaingia!

Mara nyingi watoto wanaonewa. Aliyekosea ni yule aliyekwenda dukani akachagua krimu bila kuuliza krimu ya aina gani: isiyong'aa, yenye mng'aro kidogo, au ya mafuta inayong'aa kama kioo.

Iko hivi. Ndani ya kopo kuna unga unaoleta rangi na kuziba ukuta, na kuna gundi inayoushika unga huo. Rangi isiyong'aa, ile mafundi wanayoiita mati, ina unga mwingi na gundi kidogo. Ikikauka inabaki na vitundu vidogo visivyoonekana kwa macho, na jasho na mafuta ya mkono vinazama humo. Ukisugua kwa nguvu unaondoka na uchafu pamoja na rangi yenyewe, na pale uliposugua panabaki pamelainika na kung'aa peke yake kama kipara. Silki ina gundi zaidi, uso wake umejifunga, kitambaa chenye maji ya sabuni kinatosha. Rangi ya mafuta ndiyo ngumu kuliko zote.

Sasa usikimbilie kupaka mafuta nyumba nzima. Mng'aro ni mmbeya. Kila mfereji wa mwiko wa fundi aliyepiga lipu kwa haraka utauona, hasa koridoni, maana mwanga unatoka mlangoni na kuteleza ubavuni mwa ukuta. Mati inaficha yote hayo, ndiyo maana kwenye dari na chumba cha kulala haina mpinzani.

Dawa ya korido babu zetu waliijua: chini mafuta, juu maji. Si unaikumbuka, shuleni na hospitalini, chini kahawia au bluu, juu nyeupe? Wajanja wa mjini wanaicheka, eti "hiyo ya zahanati bwana". Wacheke tu. Mikono, magoti, ndoo na baiskeli vyote vinagusa chini ya mita moja na nusu. Huko juu anagusa nani? Na hakuna aliyekulazimisha kahawia. Chagua rangi moja juu na chini, chini ing'ae na juu ising'ae, mstari uvutwe kwa tepu ya karatasi usipinde. Wageni wataona ukuta mmoja wenye madaha.

Ila rangi ya mafuta ina masharti. Inakauka taratibu, mkono wa pili mara nyingi unasubiri hadi kesho yake, na korido haifungwi. Utapaka jioni, mshikaji anarudi saa nane usiku kutoka kwenye starehe zake, anajishika ukutani, asubuhi kuna viganja vitano na hakuna mwenyewe. Harufu yake nayo ni kali kwa watu wanaolala milango wazi kwa ajili ya joto. Tena nyeupe ya mafuta ikikaa kwenye giza hugeuka njano. Kwa korido yenye watoto wachanga ningechukua silki ya maji inayooshika, chini mpaka juu, nikubali ugumu upungue kidogo.

Na kuna ukuta ambao mafuta ni kosa kabisa. Angalia chini karibu na sakafu. Ukiona unga mweupe wa chumvi, au ukuta unalowa hata kiangazi, maji yanapanda kutoka ardhini. Ukiuziba kwa rangi ya mafuta utavimba malengelenge na kubanduka kama magamba ya samaki. Hapo tafuta kwanza maji yanatoka wapi: bomba, mfereji wa bafuni, au msingi. Lipu mpya nayo isubiri kama wiki nne, maana saruji mbichi inaila rangi ya mafuta.

Jikoni kanuni ni ile ile, ing'ae, lakini masizi ya mkaa na mafuta ya kukaangia yaoshwe kwanza kwa sabuni na kusuuzwa. Vinginevyo doa linatoboa rangi mpya na kukuchungulia.

Kama ukuta tayari una rangi ya zamani, ijue ni ipi. Chovya kitambaa kwenye spiriti ya duka la dawa, sugua mahali pamoja. Ikitoka kitambaani ni ya maji. Isipotoka ni ya mafuta, na lazima uso wake ukwaruzwe kwa msasa kabla ya kupaka nyingine, la sivyo mpya itavuka kama ngozi ya nyoka.

Hapa naomba tuache mzaha kidogo. Rangi nyingi za mafuta za zamani ziliwekwa madini ya risasi, na hata kwenye makopo mapya yamewahi kukutwa katika nchi kadhaa, yetu ikiwamo. Marekani iliyapiga marufuku kwenye rangi za nyumba mwaka 1978. Vumbi lake likiingia mdomoni mwa mtoto linadhuru ubongo, na halina kiwango kinachojulikana kuwa salama. Kwa hiyo msasa uwe wa maji, ukuta ukiwa umelowa, watoto wasiwepo, na vumbi lifutwe kwa kitambaa kibichi, siyo kwa ufagio. Ukinunua kopo uliza kama lina risasi. Muuzaji akibabaika, hamia duka la pili.

Haya, hesabu, maana mafundi wetu nao! Lita moja ya rangi hupaka kama mita 10 za mraba kwenye ukuta laini, mkono mmoja. Korido ya mita 10, kuta mbili, kimo cha mita moja na nusu: mita 30 za mraba. Toa milango sita, zinabaki kama 22. Mikono miwili ni 44, yaani lita nne na nusu hivi. Juu nako, kama dari iko mita tatu, ni lita tano na nusu. Fundi akikwambia ndoo mbili za lita 20, muulize hiyo nyingine anapaka korido ya nani.

Lita kumi kwa vyumba sita ni mchango wa kawaida kabisa. Kabla ya kuchangishana, mfuateni mwenye nyumba wote kwa pamoja, mkubaliane kwa maandishi kwamba gharama inakatwa kwenye kodi, na risiti akae nayo mtu mmoja anayeaminika. Mama wa chumba cha pili anafaa sana.