Boda si Mpaka

Wapo walimu wenzetu, hapa Busia na hata Tororo, ambao wakikuta neno "bodaboda" katika insha hulikata kwa wino mwekundu na kuandika "mpaka". Twapinga. Asili yake ni Kiingereza, nao Waingereza walilitwaa kwa Wafaransa, kwa maana ya ukingo. Lakini waendesha baiskeli wa Busia, miaka ya 1960, walipowaita abiria "boda, boda!" ili kuwavusha, walilipa maana nyingine: chombo, si mstari. Aliyepanda bodaboda hakupanda mpaka! Kosa hasa ni kusema "boda ya Malaba", hali mpaka tunao, jamaa ya kupakana, nao hutupimia hata safari: twaenda mpaka Tororo. Na kosa hilo twalisikia vyumbani mwa walimu wenyewe.