Uso Uliomo Gizani

Tuliletewa video iliyopigwa kwa kamera ndogo ya mfukoni siku wanafunzi wetu walipohitimu Kurani. Ndani yake yumo mzee mmoja ambaye sasa ni marehemu, na jamaa zake hawana nyingine aliyomo akisema. Lakini uso wake ulikuwa mweusi kama kivuli. Wengine walishauri itupwe.

Kamera haikuwa mbovu. Ikiachiwa ijipimie, hutazama nuru ya picha nzima. Ilipoona kanzu nyeupe tele na dirisha nyuma, ilidhani nuru imezidi, ikaipunguza.

Tuliketi na kijana wetu mbele ya kompyuta, kwa programu ya DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure. Kwanza tulitoa nakala. Asili haiguswi kabisa. Kisha tuliinua sehemu za giza na za kati, penye mwanga tukapaacha. Uso ukatokea, ingawa una chembechembe. Umanjano wa taa tuliuondoa kwa kuitazama kanzu hata ikawa nyeupe, na rangi ya ngozi ikarejea. Dirisha lilibaki jeupe tupu. Kilichozidiwa na nuru hakikuandikwa, hakirudi. Basi vijana, mpigapo, lipeni dirisha kisogo.

Binti yake alituomba tumrudishie pale anapocheka.