Rahisi Ghali: Funzo la Kipepesi cha Nyumbani

Wahenga hawakukosea waliponena kwamba rahisi ni ghali. Sote tulifundishwa methali hii shuleni, tukaitungia insha, tukapata alama zetu, kisha tukaisahau. Mimi nilikuja kukumbushwa na karatasi nyeupe pe, katika nyumba ya wazazi wangu nje kidogo ya mji wa Nyeri. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu wa isimu kisa chake. Leo naomba kumsimulia msomaji, hasa mwalimu na mwanafunzi, kwa kuwa jambo lenyewe lingali linatendeka katika nyumba na shule zetu.

Mwaka 1996 dada yangu mkubwa alisafiri kwenda masomoni Toronto, nchini Kanada. Mimi nilikuwa bado katika shule ya upili. Baba alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu karibuni, na nyumba yetu ilikuwa na simu, jambo ambalo halikuwa la kawaida zama hizo. Sensa ya mwaka 1999 ilipohesabu Wakenya wapatao milioni 28.7, nchi nzima ilikuwa na laini za simu za waya zipatazo 300,000 hivi, nyingi zikiwa mijini na maofisini. Barua ya kwenda ng'ambo ilichukua majuma kadhaa. Simu nayo ilikuwa ghali mno, na dakika zilikwisha watu wakijuliana hali tu. Kwa hiyo baba akashuka Nairobi, akanunua kipepesi kilichokwisha kutumiwa ofisini, akakipakata mapajani katika matatu kupitia Karatina hadi nyumbani. Bei yake haikuzidi ya ndama. Alijigamba nayo mwezi mzima.

Kwa wale waliozaliwa baada ya zama hizo, kipepesi, au faksi kama wengi walivyoiita, ni chombo kilichounganishwa na waya wa simu. Unakilisha ukurasa, nacho kinausoma mstari baada ya mstari, kikitenga palipo peupe na palipo peusi. Alama hizo hugeuzwa kuwa sauti na kupitishwa katika simu, na chombo cha upande wa pili kikazigeuza tena kuwa picha ya ukurasa ule ule. Wazo lenyewe ni kongwe kuliko simu. Mskoti Alexander Bain alilipatia hataza mwaka 1843, miaka 33 kabla ya hataza ya simu ya mwaka 1876. Hata hivyo, ni baada ya mwaka 1980, mataifa yalipokubaliana juu ya kanuni moja ya kupelekeana kurasa kwa muda wa dakika moja hivi, ndipo chombo hiki kilipoenea maofisini na hatimaye kuingia majumbani.

Dakika moja kwa ukurasa mmoja: hesabu hiyo ilimfunza mama ufupi kuliko mwalimu yeyote wa ufupisho. Aliandika kwa kalamu kwenye karatasi ya daftari, pande zote zikajaa, lakini ukurasa wa pili hakuuanza. Majibu ya dada yaliingia saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa huko Toronto ulikuwa usiku na simu zilikuwa nafuu. Chombo kililia kwa sauti kali, nyumba nzima ikaamka, na mama akawa wa kwanza kufika sebuleni na taa mkononi.

Jambo moja nililielewa baadaye, nilipoanza kusomea isimu. Simu ya maandishi ya posta na teleksi zilipeleka herufi. Kipepesi kilipeleka picha. Kikikuyu kina irabu saba, na mbili kati yake huandikwa kwa alama juu ya herufi: ĩ na ũ. Hata jina la mji wetu kwa lugha hiyo huandikwa Nyĩrĩ. Teleksi haikuwa na nafasi ya alama hizo, wala barua pepe za mwanzo hazikuwa nayo. Kipepesi hakikujali. Kwacho hati ya mkono wa mama, Kikikuyu chake kilichochanganyika na Kiswahili, pamoja na ua alilochora pembeni, vyote vilikuwa weusi juu ya weupe. Kingeweza vile vile kupeleka utenzi wa Lamu ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Ndiyo maana Wajapani, wenye maelfu ya herufi, walikipenda sana chombo hiki. Kwa hakika, sijaona mashine nyingine ya zama hizo iliyozitendea lugha zote haki sawa kiasi hicho.

Haikupita miezi mingi nyumba yetu ikawa posta ndogo. Jirani alileta fomu ya mwanawe ya kuomba nafasi chuoni ng'ambo. Mwalimu wa shule iliyo karibu alipokea barua ya ufadhili. Mzee mmoja wa kijiji alipokea ukurasa kutoka kwa nduguye aliyekuwa akifanya kazi ughaibuni, ukieleza kwamba ameridhia shamba la marehemu baba yao ligawanywe sawa baina yao, na sahihi yake chini. Baba alimwambia mzee auweke mahali salama. Naye akauweka mahali alipodhani pana usalama kuliko kwingine kote: ndani ya jalada la plastiki, katika sanduku la bati.

Na hapo ndipo penye kiini cha makala haya. Vipepesi vya bei nafuu havikutumia wino. Vilitumia karatasi maalumu iliyopakwa kemikali inayogeuka nyeusi inapopata joto. Siku moja niliweka kikombe cha uji wa moto juu ya barua ya dada, nacho kikaacha duara jeusi kama pete. Nilikemewa vikali, lakini hakuna aliyejiuliza: ikiwa karatasi hii huandikwa kwa joto kidogo tu, maandishi yake yatadumu vipi? Ukweli ni kwamba hayadumu. Mwanga huyafifiza, joto la chumba huyafifiza, mafuta ya vidole huyafifiza. Hata gundi na kemikali zinazolainisha plastiki za majalada huyafifiza. Yule mzee, kwa kuuficha ukurasa wake ndani ya plastiki chini ya paa la bati, aliuharakishia mauti akidhani anauhifadhi.

Mama alifariki mwaka 2011. Baada ya matanga, mimi na dada tulilifungua sanduku lake. Barua zake zote zilikuwamo, kwani kipepesi hupeleka nakala na asili ikabaki nyumbani. Wino wa kalamu ulisomeka kana kwamba uliandikwa jana. Chini yake tukakuta majibu ya dada, yamepangwa kwa tarehe ambazo mama mwenyewe aliziandika kwa kalamu migongoni mwa karatasi. Tarehe zilisomeka. Upande wa pili hapakuwa na neno. Miaka minne ya mazungumzo baina ya mama na binti yake imetubakia kama simu inayosikika upande mmoja. Mama anauliza, anaonya, anacheka, anajibu maswali ambayo hatutayajua kamwe. Dada mwenyewe hayakumbuki.

Yetu yalikuwa majonzi. Ya yule mzee yalikuwa hasara. Mzozo wa shamba ulipozuka baina ya wapwa, nduguye alikuwa amekwisha kufariki huko huko ughaibuni. Mzee akaja mbele ya wazee wenzake na jalada lake, akatoa karatasi kwa heshima, akaiinua. Ilikuwa tupu. Aliapa kwamba palikuwa na maandishi na sahihi, na baba akamtetea, lakini karatasi tupu haina ushahidi, na upande wa pili haukuwa na sababu ya kuiamini. Kwa shilingi chache za kutoa nakala kwa mashine ya kawaida, ukurasa ule ungalikuwapo hadi leo.

Huenda msomaji akauliza: kipepesi kinatuhusu nini katika zama za simu za mkononi? Jibu ni kwamba kipepesi kimeondoka, lakini karatasi yake haijaondoka. Risiti nyingi za madukani na stakabadhi nyingi za benki leo huchapishwa kwa karatasi ya jamii ile ile. Mzazi wa Othaya au Nanyuki anayelipa karo benki, akaitia stakabadhi katika mfuko wa plastiki, anarudia kosa la yule mzee. Miaka minne baadaye, mwanafunzi anapotakiwa kuthibitisha kwamba hadaiwi, atatoa karatasi nyeupe. Na wanafunzi wangu wanaopiga picha ubao badala ya kunukuu hawako salama zaidi. Simu ikiibwa katika kituo cha matatu, muhula mzima umeibwa nayo.

Tatizo basi si mashine. Sisi tumezoea kudhani kwamba chombo kinachofikisha ujumbe upesi ndicho pia kinachouhifadhi. Hizo ni kazi mbili tofauti. Kufikisha ni kazi ya mashine. Kuhifadhi ni kazi ya mtu.

Lugha yetu ilikwisha kutudokeza hilo, laiti tungaliisikiliza. Kenya tulikipa chombo hiki jina la kipepesi, neno linalomkumbusha msemaji wa Kiswahili kupepesa macho. Kinachopepesa huonekana mara, kisha kisionekane. Ndugu zetu wa Tanzania walikiita nukushi, na kwa muda mrefu neno hilo limeonekana katika vichwa vya barua za serikali yao. Humo mna sauti ya kunukuu. Sisi tulipewa onyo, wao wakapewa dawa: kinachopepesa hakina budi kunukuliwa. Nyumbani kwetu tulisema faksi tu, neno lisilotuambia lolote.

Kwa walimu, ombi langu ni dogo. Likizo ijayo, wapeni wanafunzi kazi ya kufungua masanduku na majalada ya nyumbani kwao, kwa idhini ya wazee. Wakikuta karatasi laini yenye kung'aa ambayo maandishi yake yameanza kuwa hudhurungi au kufifia, watoe nakala siku hiyo hiyo kwenye karatasi ya kawaida. Pasipo na mashine, wainukuu kwa mkono, neno kwa neno, pamoja na tarehe na jina la mwandishi. Katibu wa shule afanye vivyo hivyo kwa majalada ya miaka ya 1990. Asili isitiwe katika plastiki. Bahasha ya karatasi, mahali pakavu, penye giza na ubaridi, yatosha. Nasi wa ukanda huu wa Mlima Kenya, ubaridi tunao bila kuununua.

Baba angali ananiambia kwamba alikipata kipepesi kile kwa bei ya bure. Simbishii. Dada, ambaye alirudi nchini baada ya masomo, alinijia Desemba iliyopita na daftari. Ameanza kuyaandika upya majibu yake kwa mama, kwa kukisia kutokana na barua zilizobaki. Anaandika kwa kalamu ya wino.